Kukanda wazazi, kuhariri miswada na kuandika blogu: nipangeje siku?

Kigoda_Tanga:

Habari za majukumu, wadau. Naomba msaada wa watu wenye utaalamu.

Kazi zangu ni tatu. Nakanda wazazi, yaani mama waliotoka kujifungua, kwa taulo na maji moto majumbani hapa Tanga mjini, nahariri miswada ya Kiswahili, na naandika blogu kuhusu matunzo ya mama baada ya kujifungua. Mzigo wa sasa uko hivi:

– Wazazi wawili, kila mmoja asubuhi na jioni. Asubuhi ni kuanzia saa 1 hadi saa 4 nikihesabu na mwendo, jioni ni kuanzia saa 10 na nusu. Wa tatu anatarajia kujifungua wiki mbili zijazo.
– Riwaya ya maneno 60,000. Nimemwahidi mwandishi wiki tatu, uhariri wa lugha.
– Blogu: makala moja kila wiki. Tatu zilizopita hazikutoka.

Maswali yangu: wiki tatu zinatosha kwa muswada huo? Nihariri usiku au mchana? Na hili ndilo linanitia hofu zaidi: upande wa kidole gumba cha kulia, pale kwenye kifundo cha mkono, panauma ninapokamua taulo, na maumivu yanarudi nikishika kipanya. Nataka kuendelea na zote tatu, sitaki kuacha hata moja.

---

Kalamu Nyekundu:

Dada Kigoda, nianze na muswada, maana ndio wenye tarehe. Wiki tatu hazitoshi. Piga hesabu nami.

Ukurasa wa uhariri tuuchukue maneno 300. Maneno 60,000 ni kurasa 200. Uhariri wa lugha wa riwaya iliyoandikwa vizuri kiasi huenda kurasa 6 kwa saa. Hiyo ni saa 33. Pitio la pili, kurasa 12 kwa saa, ni saa 17. Maswali kwa mwandishi na kuingiza majibu yake, weka saa 5. Jumla saa 55.

Sasa nafasi yako. Unarudi saa 4 asubuhi, unatoka tena saa 10 na nusu. Toa chakula, sala, kufua taulo, kupumzisha mikono. Zinabaki saa tatu za uhariri wa kweli kwa siku, na usidanganywe na saa sita zinazoonekana kwenye karatasi. Saa tatu mara siku tano ni 15 kwa wiki. Saa 55 ni karibu wiki nne, na ukiongeza robo kwa ajili ya umeme, homa na mtoto aliyezaliwa mapema, ni wiki tano. Hiyo ndiyo tarehe ya kumpa mwandishi.

Safari nyingine usitoe tarehe kabla ya kuhariri kurasa 10 za majaribio kwa saa ya ukutani. Chukua tano za katikati ya muswada na tano za karibu na mwisho. Kurasa za mwanzo huwa mwandishi amezipiga pasi mara nyingi, zitakudanganya. Kama kurasa 10 zimekula saa mbili na nusu, kasi yako kwenye muswada huo ni kurasa 4, na wiki tano zimekuwa saba.

Mchana au usiku? Mchana, baada ya kukanda asubuhi, hasa saa 5 hadi saa 8. Baada ya safari ya jioni jicho limeshachoka, na jicho lililochoka kwenye Kiswahili hukosea mahali palepale: upatanisho katika sentensi ndefu. Mwandishi ameanza na "vitabu", maneno kumi na mawili baadaye ameandika "zilizopotea", nawe unapita. Kosa lingine ni neno lililorudiwa mwisho wa mstari na mwanzo wa mstari unaofuata.

Kwa kuwa kazi yako hukatwakatwa na simu za wazazi, daftari la maamuzi ni la lazima. Faili moja fupi: majina ya wahusika na tahajia zake, umri wao, tarehe za matukio, namba unaziandika kwa tarakimu au kwa maneno, "Mwenyezi Mungu" ina herufi kubwa ngapi, mhusika gani anasema Kimvita (lahaja ya Mombasa) na hivyo lugha yake haiguswi kwenye mazungumzo. Bila hilo, kila ukirudi unapoteza dakika 20 kukumbuka ulikubali nini sura ya tatu. Simama mwishoni mwa sura, si katikati ya ukurasa, na kabla ya kufunga andika mstari mmoja: umefika wapi, na swali gani linasubiri jibu.

Makosa ya kutafuta kwa kompyuta yaache ya mwisho: "kwanini", "kwasababu", "kwahiyo" zilizobanana, na "ata", "uyu", "ivyo" zilizopoteza h. Lakini tafadhali, usibonyeze badilisha zote. Ukibadilisha "ata" kuwa "hata" kwa mkupuo, "atakuja" inageuka "hatakuja", na riwaya nzima imepinduka maana bila wewe kujua. Washa kipengele cha kutafuta neno kamili, kisha thibitisha moja moja. "Ama" nayo iogope vivyo hivyo.

---

Fundi wa Viungo:

Mimi nizungumzie mkono tu.

Jipime hivi: kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha inamisha kifundo polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa gumba yanaelekeza kwenye kano mbili zinazoendesha gumba, zinazopita ndani ya ala nyembamba pale kwenye kifundo. Kano zikisuguliwa sana, ala huvimba, na kila mpindo unauma. Kinachosababisha ni kukamua taulo kwa kuzungusha viganja kinyume, kisha unaenda kushika kipanya na simu kwa gumba lilelile. Kwa mkono, kazi zako mbili ni kazi moja.

Dalili tofauti ni ganzi ya usiku kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Hiyo ni mishipa ya fahamu kubanwa katikati ya kifundo, na matunzo yake si yaleyale. Ukiwa na ganzi, au kama maumivu hayajapungua wiki mbili baada ya kubadili mtindo, nenda hospitali kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Usingoje mpaka kikombe kianze kukuponyoka.

Namna ya kukamua bila kuua gumba: pitisha taulo kwenye mshikio imara wa ndoo au bomba la ukutani, shika ncha zote mbili pamoja, zungusha upande mmoja kwa mikono yote miwili huku kifundo kimenyooka. Nguvu itoke kwenye kigasha na bega. Taulo liwe dogo na jepesi, kama la uso, maana taulo zito la kuogea linabeba maji mengi yanayodai kukamuliwa. Njia nyingine ni kulikunja mara nne na kulibana kati ya viganja viwili vilivyonyooka.

Unapokanda, sukuma kwa kiganja au kigasha, uzito wa mwili uje juu yake. Gumba libaki likielekeza tu. Mzazi akilala kwenye mkeka na wewe umeinama kwenye kigoda, mgongo na vifundo vyote vinalipa. Akilala kitandani, nawe ukapiga goti moja kwenye mto pembeni, uzito unashuka wenyewe. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Beba lita 10 mara mbili.

Mezani: inua kompyuta mpakato juu ya vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, tumia kibodi ya pembeni, na hamishia kipanya mkono wa kushoto. Siku tatu za kwanza utaona tabu, baadaye mkono unazoea. Kila nusu saa simama dakika tatu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: usichape mara tu baada ya kukanda. Ngozi iliyolowa maji moto imelainika, misuli imechoka, na mafuta yanabaki vidoleni hata ukidhani umenawa. Acha dakika 40. Muda huo soma tu, au sikiliza sura uliyohariri jana ikisomwa na simu. Sikio linakamata sentensi mbovu ambazo jicho limezizoea. Nawa kwa sabuni mara mbili, kausha mpaka katikati ya vidole. Mafuta ya nazi yakiingia chini ya vitufe hushika vumbi na vitufe vinaanza kukwama.

---

Muuguzi Mkunga:

Fundi amesema kweli, ila chanzo cha kukamua sana ni maji kuwa ya moto kupita kiasi. Mkandaji anakamua haraka ili asiungue, anachovya tena, anakamua tena. Punguza moto, na mkono utapona nusu.

Kipimo kwa maji yetu ya bomba ya pwani: sehemu moja ya maji yanayochemka kwa sehemu nne za bomba. Kwa ndoo ya lita 10, tia kwanza lita 8 za bomba, kisha lita 2 za moto, koroga. Unapata nyuzi 42 hivi, joto la kutosha kulegeza mgongo na mabega. Pima kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mkandaji kimeshakuwa sugu na hakifai kupimia. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde tano hivi, na mzazi mwenye aibu hatakwambia.

Mipaka, naomba iheshimiwe hata kama bibi wa nyumba anasimamia. Aliyejifungua kwa upasuaji tumbo lake halikandwi wala kubanwa kwa mkaja wa nguvu juu ya mshono. Maji ya moto hayamwagwi kwenye msamba wenye nyuzi. Aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni asikandwe miguu kwa joto mpaka hisia zirudi kamili, kwani ataungua bila kujua. Na kigimbi kimoja kikivimba, kina joto, kinauma, usikiguse kabisa: huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na kukanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Wiki sita za baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya hilo, na hizo ndizo arobaini zenu. Homa ya nyuzi 38, damu ya nifasi yenye harufu mbaya, pedi inayolowa ndani ya saa moja, kichwa kinachogonga pamoja na macho kuona ukungu: huyo anapelekwa kituo cha afya saa hiyohiyo.

Sasa upangaji. Tarehe ya makadirio haiaminiki; takriban mtoto mmoja tu kati ya 20 huzaliwa siku hiyo, na mimba iliyokomaa inaanza wiki ya 37 na inaweza kufika ya 42. Kwa hiyo unapokubali mzazi, zuia kwenye kalenda wiki tatu kabla ya tarehe na mbili baada yake. Ndani ya dirisha hilo usiweke siku ya kukabidhi muswada. Kama madirisha ya wazazi wawili yanapandana, wa tatu mkatalie, au tafuta mwenzako wa kumpokea.

Punguza pia idadi ya safari. Siku kumi za kwanza asubuhi na jioni, kuanzia ya kumi na moja asubuhi tu, na wiki mbili za mwisho siku moja ndiyo siku moja hapana. Mzazi hadhuriki. Anayehitaji ni yule wa siku za mwanzo, mwenye maziwa yanayojaa na mgongo uliokufa.

---

Wino Haukauki:

Blogu ndiyo iliyosahauliwa hapa, na ndiyo inayoanguka kwanza kwa sababu haina mtu anayepiga simu kuidai.

Shuka kutoka makala moja kwa wiki hadi moja kwa wiki mbili, maneno 700 hadi 900. Kabla ya kutangaza ratiba hiyo andika nne ziwe akiba. Dirisha la mzazi likifunguka, unatumia akiba; likifungwa, unajaza. Akiba ikibaki moja, hiyo ndiyo taa nyekundu.

Makala moja ijibu swali moja ambalo wazazi wanauliza kweli. "Aliyepasuliwa akandwe wapi?" ni makala. "Umuhimu wa afya ya mama" haina pa kushika, utaandika maneno 300 na kuiacha. Kuandika kwake nakugawia hivi: siku ya kwanza dakika 15, swali na hoja nne; siku ya pili dakika 50, rasimu bila kurudi nyuma; kisha iache siku mbili; siku ya tano dakika 40, hariri ukiisoma kwenye simu, maana wasomaji wako wako kwenye simu. Aya ndefu kwenye mpakato inaonekana ukuta mtupu kwenye simu. Picha isizidi kilobaiti 150, kwa sababu mama mwenye bando dogo hataingoja. Kisha muuguzi mmoja aisome upande wa tiba kabla haijatoka. Mhariri hawezi kujihariri. Anasoma alichokusudia badala ya alichoandika.

Rasimu unaweza kuirekodi kwa sauti ukiwa njiani, gumba lipumzike.

Tahadhari ya siri. Tanga mjini, ukiandika "mama wa mapacha aliyepasuliwa wiki jana", mtaa mzima umemjua kabla hujataja jina. Andika kuhusu kazi, usiandike kuhusu mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hata akikubali kwa mdomo ndani ya arobaini, usimchukulie neno. Amechoka, na wewe ndiye unayemkanda, ataona haya kukataa. Subiri arobaini ipite, mwombe kwa maandishi, mpe asome kwanza. Picha ya mtoto, hapana. Maelezo ya wazazi yakae kwenye daftari la karatasi lililofungiwa, yasichanganyike na miswada ya watu kwenye mpakato mmoja.

---

Kalamu Nyekundu:

Wino, kwenye kurekodi sauti naongeza neno. Simu inayogeuza sauti kuwa maandishi huweza kukosea. Kusahihisha kunakula muda uliookoa, na kusahihisha ni vidole hivyohivyo. Arekodi hoja tu, kama kumbukumbu ya dakika tatu, rasimu aiandike akiwa ametulia.

---

Kigoda_Tanga:

Shukrani nyingi. Nimejipima kwa kukunja gumba, panauma vilevile alivyoeleza Fundi. Ganzi sina.

Yamebaki mawili. Nimwambieje mwandishi kuwa wiki tatu zimekuwa tano? Ameshanilipa nusu. Na malipo yenyewe: familia nyingi hulipa mwisho wa arobaini, waandishi nao hulipa mwisho wa kazi, kwa hiyo katikati ninakaa mikono mitupu, na hapo ndipo ninapokubali kazi ya ziada.

---

Kalamu Nyekundu:

Mwambie leo. Ukimwambia siku ya 20 ni uvunjaji wa ahadi, ukimwambia siku ya nne ni mpango. Mwandikie hivi, bila kueleza habari za mkono wala za wazazi:

"Ndugu, nimepima kurasa 10 za muswada wako na nimeona uhariri makini utachukua wiki tano badala ya tatu. Sura 1 hadi 8 utazipata mwisho wa wiki ya pili uanze kujibu maswali yangu, zilizobaki mwisho wa wiki ya nne, na muswada safi mwisho wa wiki ya tano. Kama una tarehe ya mchapishaji isiyosogea, niambie leo tuone cha kufanya."

Bila shaka pima kurasa hizo kweli kabla ya kutuma. Kumkabidhi kwa mafungu kunamtuliza, na kunakusaidia: majibu yake yanaanza kuingia mapema, na pitio la pili halingojei mtu.

Malipo ya miswada inayofuata: theluthi siku ya kupokea, theluthi ukikabidhi nusu ya kwanza, theluthi kabla ya kutuma faili la mwisho. Mchapishaji au kampuni ikikulipa, uliza kabla kama itakata kodi ya zuio ya asilimia 5, udai na cheti chake, maana hiyo ni fedha yako kwenye hesabu za TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania).

---

Muuguzi Mkunga:

Kwa wazazi, omba malipo kila baada ya siku saba, na ukubaliane na baba au shangazi wa mtoto siku ya kwanza kabisa, kabla hujachemsha maji. Kinachotolewa siku ya arobaini, kanga au fedha, kibaki zawadi juu yake.

Huyo wa tatu: dirisha lake limeshafunguka na ratiba yako imejaa. Mpigie simu leo umtambulishe kwa mwenzako atakayempokea siku kumi za kwanza, asubuhi na jioni. Wewe mchukue siku ya kumi na moja, asubuhi tu. Wakati huo huenda mmoja wa wawili ulionao ameshashuka kwenye siku moja ndiyo siku moja hapana.

---

Fundi wa Viungo:

Wiki mbili za mwanzo za kubadili mtindo, mwenzako afanye pia ukamuaji wowote mnaokutana nyumba moja. Wewe vaa kifaa cha kushikilia gumba na kifundo usiku, na mchana ukiwa mezani, lakini kivue unapokanda, kwa sababu kikilowa kinasugua ngozi na kukufanya ubane kwa vidole vingine. Barafu iliyofungwa kitambaani dakika 10 baada ya safari ya jioni. Rudia kipimo cha ngumi kila Jumamosi asubuhi, kabla hujashika taulo, na uandike maumivu kwa namba, 0 hadi 10. Isiposhuka Jumamosi ya pili, usingoje ya tatu.